Nyumba iliyovunjwa jana ndiyo ya kulindwa leo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa usalama katika mitaa ya makazi iliyo pembezoni mwa miji. Kwa maoni yangu mjadala huo umeelemea mno kwenye kuta, mageti na magari ya doria, ukasahau jambo ambalo watafiti wa uhalifu wamelieleza kwa zaidi ya miaka 30: nyumba iliyokwisha kuvunjwa na wezi mara moja imo katika hatari kubwa ya kuvunjwa tena kuliko nyumba ambayo haijaguswa, na hatari hiyo huwa kali zaidi katika wiki chache za mwanzo.

Nimelishuhudia kwa macho yangu. Jirani ninayepakana naye ukuta alirudi kazini jioni moja akakuta nondo za dirisha la jikoni zimetanuliwa kwa jeki ya gari, kiasi cha kumpitisha mtu mwembamba, na chini ya dirisha wezi wameacha kipande cha ubao walichokiwekea jeki ili isiteleze. Televisheni na kompyuta vilikuwa vimekwenda. Tulimiminika, tukatoa pole, tukalaani, kisha kila mtu akarudi kwake. Fundi alizigongagonga nondo zilezile kwa nyundo zikarudi mahali pake, akaahidi kuleta mpya mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi haukuwahi kufika, kwa sababu siku ya 19 wezi walirudi, wakapitia dirisha lilelile na kuondoka na televisheni mpya iliyokuwa haijamaliza wiki ndani. Nadhani hata ule ubao waliutumia tena, maana hakuna miongoni mwetu aliyekuwa ameuondoa.

Ukilitazama jambo hili kwa jicho la mwizi, halina ajabu. Njia ya kuingilia anaijua, saa ambazo nyumba huwa tupu anazijua, vitu alivyoviacha kwa kukosa mikono anavikumbuka, na anafahamu kwamba vilivyoibwa vitanunuliwa upya. Nyumba ya pili ingemlazimu aanze kujifunza upya.

Katika miaka ya 1980, mtaa wa Kirkholt katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, wenye nyumba zaidi ya 2,000, ulikuwa umeelemewa na wizi wa kuvunja nyumba. Badala ya kutapanya nguvu mtaa mzima, wahusika waliamua kuanza na waliokwisha kuibiwa. Kila nyumba iliyovunjwa iliimarishwa haraka pale palipoonekana dhaifu, na majirani wachache wanaoizunguka, sita hivi, wakaombwa waikodolee macho kwa makusudi. Aidha, mita za gesi na umeme zilizolipiwa kwa kutumbukiza sarafu, ambazo kwa wezi zilikuwa vibubu vilivyojaa, ziliondolewa. Katika muda wa miezi 5 wizi huo ulishuka hadi asilimia 40 ya kiwango cha awali, na uliendelea kushuka miaka iliyofuata. Najua kwamba mita pekee zinaweza kueleza sehemu ya mafanikio hayo, na sipendi kuyatia chumvi, lakini wazo la kuanza na aliyeumizwa halihitaji fedha nyingi wala sheria mpya.

Kuhusu doria, ambayo ndiyo kilio cha kwanza katika kila mkutano wa wakazi, majaribio ya polisi wa Kansas City nchini Marekani ya mwaka 1972 na 1973 yanafaa kukumbukwa. Maeneo 15 yaligawanywa makundi matatu: kundi moja likaondolewa doria za kawaida, polisi wakawa wanaingia wanapoitwa tu, la pili likabaki kama lilivyokuwa, la tatu likaongezewa magari mara mbili hadi tatu. Wizi wa kuvunja nyumba haukuonyesha tofauti ya maana, na wakazi wenyewe kwa jumla hawakutambua kwamba kuna kilichobadilika. Simaanishi kwamba polisi hawana kazi. Namaanisha kwamba gari linalozunguka bila kujua liangalie wapi hupita mbele ya nyumba iliyovunjwa juzi kama linavyopita mbele ya nyingine zote.

Hapo ndipo ninapofika kwenye takwimu, ambazo gazeti lako huzichapisha mara kwa mara. Idadi tupu ya matukio hupotosha, hasa katika mitaa inayokua. Tuseme mtaa ulikuwa na nyumba 200 na zikavunjwa 10 kwa mwaka, kisha nyumba zikafika 600 na zilizovunjwa zikawa 20. Kichwa cha habari kitasema wizi umeongezeka maradufu, ilhali hatari ya kila nyumba imepungua kutoka 5 katika kila 100 hadi chini ya 4. Kinyume chake pia hutokea: watu wakikata tamaa ya kwenda kituoni, idadi hushuka na mtaa huonekana salama bila kuwa salama. Makundi ya ujumbe wa simu nayo yana kasoro yake, kwani tukio moja husambazwa mara kumi hadi likaonekana kumi, na kijana anayepita kutafuta kibarua hupigwa picha na kutangazwa mwizi kabla hajabisha hodi ya pili.

Kwa hiyo nina ombi kwa polisi na kwako, Mhariri. Takwimu za wizi wa majumbani zitolewe kwa kulinganishwa na idadi ya nyumba za mtaa husika, zieleze wezi waliingilia wapi na saa ngapi, na zioneshe ni nyumba ngapi kati ya zilizovunjwa zilikuwa zimevunjwa pia ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Mwandishi wako atakapohudhuria tena mkutano wa polisi na wanahabari, aulize hilo la mwisho, na kama jibu halipo, gazeti liandike kwamba halipo.

Wako,
Mkazi wa pembezoni mwa jiji