Risala ya Mafundi Ujenzi, Makandarasi na Wakazi kwa Mgeni Rasmi: Kibali na Matumizi ya Ardhi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa Manispaa;
Waheshimiwa Madiwani;
Afisa Mipango Miji, Mhandisi wa Manispaa na wataalamu mlioambatana nao;
Wenyeviti na Watendaji wa Mitaa;
Mafundi wenzetu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kuja kufunga mafunzo haya ya vibali vya ujenzi na matumizi ya ardhi. Risala hii ni ya mafundi, makandarasi wadogo na wakazi wanaojenga. Tunachotaka kusema mbele yako ni kwamba migogoro mingi ya ujenzi hapa Dar es Salaam huanza kabla tofali la kwanza halijalazwa, wakati ambapo kurekebisha kosa bado ni kazi ya karatasi na futi kamba. Likishafika kwenye lenta, ule ukanda wa zege juu ya milango na madirisha, dawa yake ni nyundo.

Ndugu Mgeni Rasmi, Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi katika eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Hata hivyo, wanunuzi wengi hushika mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa wakaamini yamekwisha. Mkataba ule unathibitisha kwamba fulani kamuuzia fulani. Hausemi kama pale ni makazi, eneo la wazi, mkondo wa maji au barabara ya baadaye. Hayo yako kwenye mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji, na mtu anapaswa kupeleka namba ya kiwanja na kitalu ofisi ya ardhi kabla hajatoa hata malipo ya awali. Penye shamba lililokatwa na dalali vipande vya mita 15 kwa 20 na kuachiwa vichochoro vya mita 2, gari la zimamoto halipiti na la kunyonya majitaka halipiti. Siku urasimishaji unapofika, yaani kupima na kupanga makazi yaliyojengwa bila mpango, ni lazima nyumba zimegwe ili njia ipatikane.

Yapo maeneo mawili ambayo hakuna mchoro mzuri unaoweza kuyaokoa. La kwanza ni kingo za maji: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, na wakazi wa bonde la Msimbazi wanajua mvua za masika zinavyoikumbusha sheria hiyo. La pili ni hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara. Kwa barabara kuu na za mikoa, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 watu walizoea mita 22.5, na ile tofauti ya mita 7.5 ndiyo iliyozikuta nyumba nyingi pahala pake. Hapo ndipo tunapoona alama mbili zinazochorwa ukutani na kuchanganya wakazi. X nyekundu ni ya aliyeingia hifadhini kinyume cha sheria. X ya kijani ni ya aliyekutwa na upanuzi, na huyo anastahili fidia eneo lake litakapohitajika. Mkazi asifute alama yoyote kati ya hizo kwa chokaa. Aulize maana yake kwa maandishi.

Ndugu Mgeni Rasmi, tukija kwenye mchoro, kosa tunalolikuta kila mara ni ramani iliyopakuliwa kwenye simu na kubandikwa juu ya kiwanja kisichoitosha. Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 20, na tuseme masharti yake ni kuacha mita 3 mbele, mita 3 nyuma na mita 1.5 kila ubavu. Kinachobaki cha kujengwa ni mita 17 kwa 14, yaani mita za mraba 238, na nafasi iliyoachwa ndiyo itakayobeba karo, shimo la kunyonya maji na njia ya kupitisha mpira wa gari la majitaka. Watu hupima nafasi hiyo kwenye ukuta na kusahau paa. Paa likitokeza sentimita 60 upande wenye mita 1.5, zinabaki sentimita 90, na jirani naye akifanya vivyo hivyo maji ya paa mbili yanaanguka kwenye mfereji mmoja usiokuwepo. Msingi unaanza kuliwa na maji pande zote mbili, na kesi inafika kwa mjumbe.

Bikoni nazo, yaani alama za kona za kiwanja zilizowekwa na mpima ardhi, zinahitaji neno refu kidogo. Fundi akifika kiwanjani anakuta ukuta wa jirani umesimama, anapima kutoka pale kwa sababu ndicho kitu kinachoonekana. Ukuta wa jirani si mpaka. Huenda umeingia ndani au umetoka nje kwa nusu mita, na kosa lake linarithiwa na nyumba inayofuata, kisha inayofuatia, mpaka wa mwisho mtaani anakuta kiwanja chake kimebaki mita 17. Bikoni zitafutwe zote nne, hata kama ni kwa kufukua kifusi, umbali kati yake ulinganishwe na ramani ya upimaji, ndipo kamba ivutwe na kona zinyooshwe kwa kanuni ya 3, 4, 5: mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na mshazari wake uwe 5. Ikikosekana hata moja, aitwe mpima ardhi aliyesajiliwa airudishe. Kuihamisha au kuing'oa ni kosa la jinai, na fundi asikubali kuifanya kazi hiyo kwa maneno ya mwenye nyumba.

Maombi ya kibali siku hizi yanaingizwa kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, yakiambatana na hati, stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi na michoro ya usanifu, na kwa ghorofa michoro ya nondo na mahesabu yenye muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa. Yanayorudishwa hurudi kwa mambo madogo: hati ina jina la marehemu baba na mwombaji ni mtoto asiye na barua ya usimamizi wa mirathi, kodi ya pango inadaiwa, mchoro wa kiwanja hauonyeshi karo wala upande wa kaskazini, mchoro wa mkato, unaoonyesha jengo kama limekatwa wima, haukupita kwenye ngazi wala chooni. Vyote hivi vinaweza kukaguliwa mezani kwa asubuhi moja.

Kibali kikitoka, kazi ya ukaguzi ndiyo kwanza inaanza. Mkaguzi anatakiwa kuitwa mitaro ikiwa wazi, na aitwe tena nondo za slabu zikiwa zimefungwa, kabla ya zege. Atazame kama mtaro umefika kwenye udongo mgumu, kama zege la usafi, lile tabaka jembamba la chini ya msingi, limemwagwa, na kama nondo zimeinuliwa kwa biskuti za zege, yaani vipande vidogo vya zege vinavyowekwa chini yake. Mafundi wengine huweka vipande vya tofali badala ya biskuti. Tofali linafyonza maji, maji yanafika kwenye chuma, na kwa hewa yetu yenye chumvi ya bahari nondo inavimba kwa kutu na kulipasua zege. Maungio ya nondo kwa kawaida ni mara 50 ya unene wake: ya milimita 12 ipandane milimita 600, ya 16 ipandane 800, kama mchoro hausemi vinginevyo. Tunakuta 300, tena zote zimekatwa usawa mmoja chini ya nguzo, mahali pabaya kuliko pote. Kisha linakuja suala la maji: mfuko wa kilo 50 wa saruji unahitaji lita 25 hadi 30, na mchanga uliolowa tayari una sehemu yake. Ndoo ya ziada inayoongezwa ili zege litelemke kwa urahisi huondoka na nguvu ya jengo.

Ndugu Mgeni Rasmi, kuhusu matumizi ya ardhi, fremu za biashara zinaota kwenye kuta za nyumba za makazi kila kukicha. Wenye fremu hutuonyesha leseni ya biashara. Leseni inaruhusu kuuza. Haibadilishi matumizi ya kiwanja. Anayetaka kugeuza makazi kuwa maduka, gereji au shule aombe mabadiliko ya matumizi kwanza, yatangazwe ili majirani watoe pingamizi, yajadiliwe na kamati, na hati irekebishwe, ndipo aombe kibali cha ujenzi. Akianza na nondo amejifungia mlango, kwa kuwa jengo lililokwisha kusimama halilainishi pingamizi la jirani.

Kuongeza ghorofa juu ya nyumba iliyopewa kibali cha nyumba ya chini kunahitaji kibali kipya na mhandisi afukue msingi aone kilichomo. Vivyo hivyo kuchimba chini au kando ya jengo lililosimama. Jiji hili lilipoteza watu 36 jengo lilipoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013, na likapoteza wengine jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Katika jambo hili hatuna lugha laini: fundi anayekubali kupandisha nguzo juu ya msingi asioujua anahatarisha roho za watu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi yetu. Fundi akiomba ukaguzi wa mtaro au nondo, ajibiwe ndani ya siku mbili za kazi, maana mtaro uliokaa wiki nzima unajaa maji, kingo zinabomoka, na mwenye nyumba anamwaga zege kwa hofu ya mvua. Mwombaji anayerudishiwa michoro apewe kasoro zote kwa pamoja na kwa maandishi, asirudishwe mara tano kwa kasoro tano. Manispaa iandae michoro michache ya mfano ya nyumba za chini zinazoingia kwenye viwanja vya kawaida, iliyokwisha kupitiwa na wataalamu, ili mwenye kipato kidogo asilazimike kuokota ramani mtandaoni. Hifadhi za barabara ziwekewe nguzo zinazoonekana, watu wauone mpaka kabla ya kununua. Na mchoro wa mipango miji wa kila kata ubandikwe ukutani ofisi ya mtendaji, kwa maandishi makubwa, na pembeni iandikwe tarehe ulipopitishwa.

Tunaomba kuwasilisha.