Barua ya Wazi kwa Waziri wa Barabara: Kuhusu Njia Kuu ya Nairobi–Mombasa

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kuhusu barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa, ambayo bila shaka unaifahamu, ingawa yawezekana unaifahamu zaidi kutoka angani.

Juzi usiku trela lililobeba kontena liliharibika kati ya Maungu na Mackinnon Road, likalala kukingama barabara nzima. Waliokosa subira wakapitia vumbini pembeni, wa huku na wa kule, wakakutana uso kwa uso, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kusonga mbele wala kurudi nyuma. Brekdauni ya kulivuta trela ilifika jua likiwa limeshapanda. Mimi hununua nyanya za Kimana na kuzipakia Emali kuzipeleka soko la Kongowea. Nilipofika, mnunuzi wangu alifungua kreti mbili tu, akanitajia bei ambayo haikutosha hata kumlipa mwenye lori. Kule chamani ninakodaiwa mkopo hawapokei foleni kama malipo, na karo ya watoto haiozi ikasahaulika kama nyanya.

Nisingekusumbua kama tusingekuwa tumeahidiwa. Mwaka 2017, reli ya SGR ilipoanza, tuliambiwa kwamba malori yangepungua barabarani. Mwaka huohuo ukatiwa saini mkataba na kampuni ya Bechtel ya Marekani ili kujenga barabara mpya ya mwendo wa kasi hadi Mombasa. Miaka ikapita, tukasikia jina jingine, Usahihi, nayo ni barabara ya kulipia. Majina yote ni mazuri, Mheshimiwa. Sisi kwa sehemu kubwa ya safari hii ya karibu kilomita 480 tumebaki na leni moja ya kwenda na moja ya kurudi, zinazobeba mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo, pamoja na nyanya zangu.

Amri ya kuilazimisha mizigo ya bandari kupanda treni iliondolewa mwaka 2022, na sina ugomvi na hilo, kwa kuwa madereva na wenye vibanda vya chakula njiani walikuwa wameumia. Lakini aliyeyarudisha malori alipaswa kuifikiria na njia yatakayopita. Mimi si mhandisi. Hata hivyo nashuku kwamba barabara hii haishughulikiwi ipasavyo kwa sababu kila anayeingia ofisini anaisubiri ile mpya, na wakati huo lami ya upande wa kuelekea Nairobi, ambako malori hupanda yakiwa yameshiba, inazidi kudidimia na kuwa mifereji ya matairi.

Fedha nazo haziwezi kuwa kisingizio. Tangu Julai 2024 ushuru wa kutunza barabara umepanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta, nasi tunaulipa hata tukiwa tumesimama kwenye foleni injini ikiunguruma. Ningependa kujua shilingi ngapi kati ya hizo zimewahi kufika Maungu.

Sikuombi leni nne. Nilikuwa nimekusudia kuomba leni ya malori kwenye mlima wa Salama, na mabega mapana ya barabara kuanzia Mtito Andei hadi Mariakani, lakini naona hayo nayo yatahitaji upembuzi yakinifu, na sherehe, na hema za wageni. Basi naomba brekdauni moja, kubwa ya kutosha kuvuta trela lenye mzigo, ikae Voi usiku na mchana ikiwa na dereva na mafuta. Hiyo haihitaji mwekezaji kutoka ng'ambo. Haihitaji kukatiwa utepe. Naomba iwe imefika kabla ya msimu wa sikukuu, mabasi yanapoongezeka. Brekdauni moja, Mheshimiwa, pale Voi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mchuuzi wa nyanya, Emali