Habari za Ezra Cornell zisimuliwe zote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Tangu mwaka 2014, ilipoanzishwa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika, jina la Cornell limetajwa mara nyingi magazetini mwetu. Lakini anapoelezwa mwenye jina, wasomaji huambiwa kwamba alikuwa tajiri wa Marekani aliyetoa mali yake kujenga Chuo Kikuu cha Cornell, na habari hukomea hapo. Maelezo hayo yanaacha kiini cha jambo, kwa kuwa fedha alizotoa mfukoni zilikuwa sehemu ndogo ya utajiri wa chuo kile. Sehemu kubwa ilitokana na ardhi, na ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe.

Ezra Cornell alizaliwa mwaka 1807 katika jimbo la New York, mtoto wa mfinyanzi wa Kanisa la Marafiki, kanisa ambalo wenzetu wa magharibi mwa Kenya wanalijua tangu enzi za misheni ya Kaimosi. Alifika mji wa Ithaca, katika jimbo hilohilo, mwaka 1828 akitafuta kazi ya useremala, akawa fundi wa vinu, na alipomwoa Mary Ann Wood, ambaye hakuwa wa kanisa lao, Marafiki walimtenga. Alikuwa akizunguka kuuza plau alipokutana na mkandarasi aliyepewa kazi ya kufukia waya wa telegrafu ya Samuel Morse kati ya Washington na Baltimore, akamuundia plau iliyochimba mtaro na papo hapo kulaza bomba la waya. Waya uliofukiwa haukufaa, ikabidi utundikwe kwenye nguzo, na Mei 1844 ujumbe wa kwanza ukapita. Kwa miaka mingi baadaye aliweka kila alichopata katika hisa za telegrafu huku wadai wakimwandama. Hisa hizo ndizo zilizomtajirisha baada ya kampuni kadhaa kuungana kuwa Western Union, kampuni kubwa ya telegrafu, mwaka 1856.

Aliingia katika Bunge la jimbo mwaka 1862, kisha Seneti ya jimbo kuanzia 1864 hadi 1867, ambako alikutana na msomi kijana, Andrew Dickson White, aliyeshirikiana naye kuanzisha chuo. Sheria ya Morrill ya mwaka 1862 ilikuwa imeligawia kila jimbo hati za ardhi, yaani vibali vya kuchagua na kumiliki ardhi ya serikali, ekari 30,000 kwa kila mjumbe wake katika Kongresi, ili zigharimie vyuo vya kilimo na ufundi, na fungu la New York lilikaribia ekari 990,000. Cornell aliahidi dola 500,000 pamoja na shamba lake la Ithaca iwapo mapato ya hati zote yangekwenda kwenye chuo kimoja. Vyuo vingine vilivyozitamani vilipinga vikali, hata akalazimika kukubali kukilipa kimojawapo dola 25,000 ndipo muswada upite. Gavana aliutia saini tarehe 27 Aprili 1865.

Linalofuata ndilo ninaloliona kuwa kubwa kuliko zawadi yenyewe. Majimbo mengi yalimwaga hati zao sokoni kwa pamoja, bei ikaanguka hadi karibu senti 50 kwa ekari. Mwaka 1866 Cornell alikubaliana na jimbo azinunue yeye, achague misitu ya misonobari huko Wisconsin, abebe kodi na gharama zote, na faida iende chuoni. Aliishikilia ardhi hiyo hata mali yake mwenyewe ilipopukutika, nyingi ikizama katika reli za Ithaca. Wapinzani walimtuhumu kwamba anajitajirisha kwa mali ya umma, ingawa tume iliyoteuliwa kuchunguza haikuona hivyo. Alifariki Desemba 1874 kabla ya kuona mavuno. Wadhamini wa chuo, wakiongozwa na Henry Sage, waliendelea kuuza polepole, na hatimaye chuo kikapata takriban dola milioni 5, mara kumi ya ahadi yake ya kwanza.

Uvumilivu huo naustahi kwa dhati. Lakini misitu ile ilikuwa ya Waojibwe, moja ya jamii za wenyeji asilia wa Amerika, walioikabidhi kwa serikali ya Marekani katika mkataba wa mwaka 1837, na kilima kinachobeba chuo kimo katika nchi ya Wakayuga, wenyeji asilia wengine, ambao vijiji vyao vilichomwa na jeshi la George Washington mwaka 1779. Cornell hakuandika mkataba ule wala hakuchoma kijiji. Hata hivyo kila ekari aliyoingoja ipande bei ilikuwa imekwisha kuondolewa mikononi mwa watu hao.

Kwa hiyo naomba, jina hilo litakapotajwa tena katika gazeti lako, mwandishi aongeze aya moja ya seneta aliyekataa kuuza kwa haraka, na nyingine ya Waojibwe na Wakayuga, kwa majina yao.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu, Tanga