Risala kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kuzindua Shirika Letu Dogo la Uchapishaji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa kikundi,
Waandishi, wachoraji na wageni waalikwa,

Karibuni sana. Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi. Hapo mezani, chini ya kitambaa, pana kitabu chetu cha kwanza: diwani ya mashairi ya mwenzetu.

Kikundi hiki kilianza kwa kusomeana jioni. Mtu huja na daftari, husoma, wenzake wakamsikiliza na kumuuliza maswali. Wachoraji walitufuata, kisha wapiga gita. Jioni hizo zimetupa furaha kubwa, lakini zilituachia na uchungu: shairi lililowaliza watu lilirudi nyumbani ndani ya daftari, na wiki iliyofuata hakuna aliyeweza kulisoma tena. Ndiyo maana tukaamua kuchapisha wenyewe.

Tulitiwa moyo na waliotutangulia. Mwaka 1917 mwandishi wa riwaya wa Uingereza, Virginia Woolf, na mumewe Leonard walinunua mashine ndogo ya kuchapia kwa mkono, wakaiweka kwenye chumba cha kulia nyumbani kwao Richmond, London. Walijifunza kupanga herufi moja moja, na kitabu chao cha kwanza kilitoka nakala zipatazo 150 tu. Sisi tumepiga chapa nakala 200.

Mgeni Rasmi, kazi iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ni uhariri. Mswada ulisomwa na wahariri wawili, ukarudi kwa mshairi mara tatu. Kuna beti alizotetea kwa machozi, na zimebaki, kwa sababu alikuwa na haki. Kuna nyingine alizifuta mwenyewe baada ya kuzisikia zikisomwa na sauti ya mtu mwingine. Tunaamini hapa ndipo shirika dogo lina nguvu, maana mhariri na mwandishi wanakaa meza moja hadi neno lipatikane.

Kisha tulikutana na jambo ambalo hatukulijua. Mpangilio ulipokamilika, kitabu kilikuwa na kurasa 83. Mpiga chapa akatueleza kwamba karatasi yake kubwa huchapwa pande zote mbili na kukunjwa mara tatu, ikatoa kurasa 16, hivyo kitabu kinapaswa kuwa na kurasa 80 au 96. Tungepunguza tatu au tujaze 13. Mshairi alikuwa tayari kukata mashairi mawili. Mchoraji wetu ndiye aliyesimama akasema, "Nipeni hizo 13." Michoro utakayoiona humo, Mgeni Rasmi, ilizaliwa siku hiyo, na leo hatuwezi kukifikiria kitabu hiki bila michoro hiyo.

Kitabu kina ISBN yake, yaani nambari ya kimataifa ya kukitambulisha, yenye tarakimu 13, ambayo ya mwisho ni ya kuhakiki zile 12 zilizotangulia. Toleo la elektroniki likitoka litahitaji nambari yake. Mkataba umeandikwa kwa lugha ambayo mwandishi anaielewa: hakimiliki inabaki kwake, na mirabaha yake inahesabiwa kwa kila nakala inayouzwa. Mchoraji naye amelipwa. Hilo tulikubaliana kabla ya kununua hata karatasi moja.

Tunazo shida. Nakala chache zina gharama kubwa kwa kila moja, kwa sababu kazi ya kuandaa bamba za kuchapia ni ileile, uchape 200 au 2,000. Wauza vitabu huchukua nakala kwa mali kauli, nasi hungoja fedha huku mswada wa pili ukingoja mpiga chapa. Mswada huo upo, ni hadithi fupi za waandishi watano, na tayari umeanza kuhaririwa.

Maombi yetu ni mawili. Kwanza, utusaidie kupata chumba cha kudumu cha kusomeana na kuhifadhia nakala. Pili, utusemee kwenye maktaba na shule ili zinunue nakala hata mbili mbili. Msomaji asiye na fedha naye atapata.

Sasa, Mgeni Rasmi, tunakuomba usogee mezani, ufunue kitabu, na umkabidhi mshairi nakala ya kwanza. Amekubali kutusomea shairi la ukurasa wa 41.

Tunaomba kuwasilisha.