Cheni ya mpira ya kombaini ikaguliwe nyaya, si kashata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wamiliki wa kombaini za kuvunia mpunga katika wilaya za Misungwi, Kwimba, Magu na Sengerema. Kila mavuno yanapokaribia, wapo wanaotupa cheni ya mpira, ule mkanda mpana ambao mashine hutembelea badala ya magurudumu, kwa sababu tu kashata zake, yaani matuta ya mpira yanayokanyaga udongo, zimechanika, na wapo wanaoingia majarubani na cheni iliyokwisha kwa kuwa kwa macho bado inaonekana nene. Wote hao wanatazama mahali pasipohusika.

Kashata ni sehemu ya nje tu. Mzigo wa kuvuta mashine umebebwa na nyaya za chuma zilizofukiwa ndani ya mpira na kuizunguka cheni nzima, pamoja na vipande vya chuma vilivyolala kwa upana, ambavyo ndivyo meno ya sproketi, gurudumu la chuma linaloizungusha cheni, huvikamata. Kashata ikimeguka kwa jiwe, jambo lisilokwepeka katika mkoa wenye miamba kama wetu, mashine itateleza kidogo zaidi kwenye tope la mbuga lakini itaendelea kuvuna. Nyaya zikikatika, mashine inalala palepale katikati ya jaruba, na mwenye shamba anabaki akiwafukuza kwelea kwelea huku mpunga uliokwisha kukauka ukipukutika.

Ukaguzi wenyewe haudai vifaa vya gharama. Kombaini inyanyuliwe kwa jeki na kuwekewa magogo imara, cheni ioshwe hadi udongo wote utoke, kisha izungushwe kidogo kidogo, injini ikizimwa kila mara kabla mtu hajaigusa, huku kila mpasuko ukipimwa kina chake kwa bisibisi butu, upande wa nje na hasa ule wa ndani ambao wengi hawautazami kabisa. Mpasuko ambao bisibisi inagota kwenye mpira mzima ni wa kuzibwa: ukaushwe, ukwanguliwe, upakwe solusheni na kuchomewa kiraka kwa joto na fundi anayeijua kazi hiyo, si kumwagiwa gundi ya dukani usiku wa kuamkia kazi. Lakini mpasuko unaochuruzika maji ya rangi ya kutu siku moja baada ya cheni kuoshwa, habari yake ni nyingine. Maji yamekwisha kuufikia waya, na kutu haikai pale ilipoanzia, bali hutambaa na waya chini ya mpira unaoonekana mzima. Kiraka hapo kinafunika tu, wala hakiurudishii waya nguvu zake. Cheni ya namna hiyo ningeitoa hata kama kashata zake bado zina makali.

Vipande vya chuma navyo vina hesabu yake. Kimoja kikichomoka, fundi mzuri anaweza kufunga kingine kwa bolti na cheni ikamaliza msimu. Vikikosekana viwili vinavyofuatana, sproketi huruka, na kishindo chake chote hupokelewa na kipande cha tatu.

Nimewahi kusikia ikidaiwa kwamba cheni za mpira ni bidhaa za juzi, za kutumia na kutupa, hivyo hakuna haja ya kuzikagua. Si kweli. Mfaransa Adolphe Kégresse alizitengeneza nchini Urusi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na mwaka 1925 magari ya Citroën yaliyofungwa cheni zake yalifika Kampala, ng'ambo ya Ziwa Victoria letu hili hili, yakiwa yametokea Algeria. Nchini Kanada, ambako magari ya theluji nayo hutembelea cheni ya mpira, fito zake za upana huwa za nyuzi za kioo badala ya chuma, lakini kanuni haibadiliki: kashata chache zilizokatika huvumiliwa, ila fito zikivunjika mfululizo au ukingo ukachanika kuelekea katikati, cheni hubadilishwa.

Cheni pia hurefuka. Ikiwa kifaa cha kuikazia kimefikishwa mwisho wa uwezo wake na cheni bado imelegea kupita kiasi kinachotajwa katika kitabu cha mashine, hakuna cha kukarabati. Hapo itazamwe na sproketi, kwa maana meno yaliyochongoka na kupinda yataila cheni mpya kwa muda mfupi, na fedha ya mwenye mashine itakuwa imepotea mara mbili. Kuhusu ushauri wa wauzaji kwamba cheni za kushoto na kulia zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, sidhani kuwa siku zote ni tamaa ya biashara, kwani cheni mpya na iliyochakaa zikifungwa pamoja mashine huvuta upande mmoja. Hata hivyo, ikiwa ya pili bado ina nyaya nzima na kashata za kutosha, kubadili moja kunatosha.

Wamiliki wengi huiacha hukumu hii mikononi mwa dereva anayelipwa kwa ekari, naye hawezi kulaumiwa akiona kila siku ya ukaguzi ni siku ya kukosa posho. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, kazi za ng'ambo ya pili zimekuwa rahisi kuzipokea, lakini kombaini ipakiwe kwenye lori, isitembezwe kwa cheni zake juu ya changarawe kutoka kijiji hadi kijiji, wala isigeuzwe papo kwa papo kwenye mawe. Nauli ya lori inayookolewa hulipwa na cheni.

Kwa wanaonunua cheni za mtumba, nasihi mbili. Msinunue iliyopakwa rangi nyeusi kabla haijaoshwa mbele yenu na kugeuzwa upande wa ndani. Na namba iliyochapwa kwenye mpira ilingane na ya mashine: 400×90×47, kwa mfano, ina maana ya upana wa milimita 400, milimita 90 kutoka chuma hadi chuma, na vyuma 47. Muuzaji akisema 48 nayo itaingia tu, mwacheni nayo.

Mmiliki wa kombaini,
Misungwi, Mwanza