Majina ya wapagazi yasomeke katika vituo vyetu vya kihistoria

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu niliporejea kutoka kwenye ziara ya maeneo ya kihistoria, niliyoifanya pamoja na wajukuu wangu wawili wakati wa likizo ya Desemba. Tulianzia Bagamoyo, tukapita Kwihara karibu na mji wa Tabora, tukafika Ujiji, kisha tukapanda hadi Butiama, mahali alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alipozikwa mwaka 1999.

Katika kituo kimojawapo, ambacho sitakitaja, mjukuu wangu wa darasa la sita alisoma maelezo yote yaliyobandikwa ukutani, kidole chake kikifuata mstari kwa mstari, kisha akanigeukia na kuniuliza: "Babu, mizigo yote hii ya Livingstone ilibebwa na nani?" Nilirudi kusoma upya nikidhani nimepitiwa. Majina ya wazungu yalikuwapo, tena pamoja na tarehe zao za kuzaliwa na kufa, lakini watu wengine wote wa msafara walikuwa wamefungwa katika neno moja tu, "wapagazi", kana kwamba hawakuwa na majina.

Majina hayo yapo, Mhariri, na yanajulikana. Henry Stanley alipoingia Ujiji mwezi Novemba 1871 akimtafuta Dk. David Livingstone, mtu aliyetangulia kujitokeza katika umati na kumsalimu kwa Kiingereza alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Kila mtoto wa shule anafundishwa kukutana kwa wale wazungu wawili, ilhali wachache mno wanafahamu kwamba salamu ya kwanza ilitoka kwa Susi.

Livingstone alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kipo nchini Zambia, Susi na mwenzake Chuma hawakutawanyika na wenzao ili kila mmoja ashike njia ya kwao, jambo ambalo hakuna ambaye angewalaumu kwalo. Waliuzika moyo wa marehemu chini ya mti, na mwenzao mwingine, Jacob Wainwright, akachonga maandishi kwenye mti huo. Mwili waliukausha kwa jua, wakauviringisha kwa kitambaa na magome ya mti, wakaufunga kwenye mti wa kubebea na kuanza safari ya miguu kuelekea pwani. Walipofika Kwihara mwezi Oktoba, mpelelezi Mwingereza Verney Cameron aliwashauri wauzike hapo hapo, nao wakakataa. Waliingia Bagamoyo Februari 1874, baada ya takriban miezi tisa tangu kifo hicho. Kwa maoni yangu, katika habari zote za wapelelezi wa karne ya 19 hakuna tendo la uaminifu na la uongozi linalolipita hili, na lilifanywa na Waafrika wenyewe bila ya mzungu yeyote kuwaamrisha.

Kuna jambo jingine ambalo nimelitafakari sana tangu tulipotoka Kwihara. Kiongozi wa msafara wa Cameron wakati huo alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa utumwani hadi India, ambaye baadaye aliwaongoza wapelelezi Waingereza Burton na Speke hadi Ziwa Tanganyika mwaka 1858, akawa pamoja na Speke alipoliona Ziwa Victoria kutokea Mwanza mwaka huo huo, akasafiri na Stanley hadi Ujiji, na hatimaye akalivuka bara zima pamoja na Cameron hadi pwani ya Atlantiki. Maana yake ni kwamba katika siku hizo za Oktoba 1873, Susi, Chuma na Bombay walikuwa mahali pamoja. Nilipowasimulia wajukuu habari hiyo tukiwa tumesimama pale pale, waliacha kuchezea simu.

Hoja hii inagusa pia nyumba za viongozi wetu. Mgeni anayezuru nyumba aliyoishi Mwalimu Magomeni wakati wa kupigania uhuru astahili kuondoka akijua kwamba Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma, aliwaingiza wanawake wengi wa Dar es Salaam katika chama cha TANU kuanzia mwaka 1955. Mwalimu hapungui hata kidogo kwa kutajwa pamoja na wenzake.

Ninaziomba mamlaka zinazosimamia mambo ya kale na makumbusho zipitie upya maelezo ya vituo vyote vilivyo kwenye njia ya kale ya misafara, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji, ziandike majina haya kwa Kiswahili fasaha na kwa herufi ambazo mtoto anaweza kuzisoma bila kuinua shingo. Waongoza wageni nao wapewe mafunzo, kwa sababu ubao hauwezi kujibu swali la mtoto. Walimu wenzangu ambao bado wako kazini wasingoje. Wanafunzi wakipelekwa ziara, wapewe kazi ya kuandika habari za kirangozi (kiongozi wa msafara), mpishi au mpagazi mmoja, badala ya kunakili tarehe za kuzaliwa za Livingstone.

Kibao cha kwanza ningependa kiwekwe Kwihara, kikisema kwamba Oktoba 1873 Susi na Chuma walifika hapa wakiwa na mzigo wao, wakaambiwa wautue, wakaendelea na safari.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Morogoro