Leo saa 3 usiku tunatoka kama Guristas

Wadau mambo, leo ni saa 3 usiku kwa saa zetu, kwenye gemu mtaona 18:00 maana EVE Online, gemu letu la meli za angani, inaenda na UTC (saa ya kimataifa), msichanganye kama juzi. Tunatoka kama Guristas, wale maharamia wa kwenye gemu wenye nembo ya fuvu lenye masikio ya sungura, na hawa sio wezi wezi tu jamani, waanzilishi wao Fatal na The Rabbit walikuwa jeshi la meli za Caldari, moja ya dola za kwenye gemu, wakaasi, kwa hiyo ukiandika kwenye chati andika kama mtu aliyewahi kuvaa magwanda akayavua. Tangu Havoc, toleo la nyongeza la gemu la 2023, unajiunga nao rasmi kabisa, ambaye hajajiunga afanye sasa hivi.

Tukinasa meli ya mzigo tunadai kikombozi kwanza, akilipa ANAACHIWA, iliniuma sana wiki iliyopita mtu kalipa na bado tukamlipua. Matusi ya kweli hapana, tunamtisha kepteni sio mtu aliyekaa kwenye kompyuta yake.

Wenye sekyuriti (alama ya tabia yako kwenye gemu) ya -5 kushuka chini msikatize haisek, yale maeneo yanayolindwa na polisi, yeyote anaruhusiwa kuwapiga. Njooni na meli za Guristas, Worm au Gila. Nani yupo?